Mkia wa Perege

Makosa ya mtu asiyejua husameheka upesi, kwa sababu kila mtu aliwahi kuwa mjinga wa jambo fulani. Makosa ya mtu aliyesoma ni mazito zaidi, maana huyasema kwa sauti kubwa na watu humwamini. Mimi nimekuwa mwalimu wa Kiswahili kwa miaka mingi, na nina shahada ya uzamivu ambayo jamaa zangu wa Bagamoyo huitaja kwa fahari kuliko ninavyoitaja mwenyewe. Habari nitakayoieleza hapa ni ya kosa nililolifanya kwa sauti ya mwalimu. Yahusu samaki wawili wanaofanana, jina moja walilopewa, na mzee mmoja ambaye masomo yake yalikoma katika chuo cha Kurani na darasa la nne. Mzee huyo ndiye aliyenisahihisha.

Nilizaliwa Bagamoyo. Ndugu wa mama yangu, ambaye nitamwita Mjomba kama nilivyomwita siku zote, alikuwa na shamba la mpunga katika bonde la Ruvu, kaskazini ya mji, karibu na njia iendayo Makurunge. Sehemu ya chini ya mto huo iliitwa Kingani zamani, na jina hilo limo katika vitabu vingi vya wasafiri wa karne ya 19. Mto huteremka kutoka milima ya Uluguru, ukazunguka nyikani kama mtu asiye na haraka, hata ukaingia baharini kati ya mikoko. Masika yakiisha na maji yakirudi katika kingo zake, mto huacha nyuma mabwawa madogo katika bonde, na katika mabwawa hayo ndimo nilimojifunza kuvua.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: ufito wa mwanzi, mshipi wa nailoni, ndoana ndogo, chubwi ya risasi, na chambo cha nyungunyungu au donge la ugali. Hatukukaribia mto wenyewe, kwa sababu Ruvu una mamba na viboko, na Mjomba alikuwa akisema kwamba mvuvi hodari ni yule arudiye nyumbani na miguu miwili. Nilijifunza kwanza kwa mkono na baadaye kwa jicho. Kambale humeza chambo na kukikokota chini kama mtu anayevuta gogo. Perege hudonoa mara moja, akaacha, akarudi tena. Kwa hiyo kabla samaki hajatoka majini nilikwisha kumjua kuwa ni kambale au perege, nami nilidhani elimu ya mabwawa yale imekwisha hapo.

Mjomba alikuwa na desturi moja ambayo sikuielewa. Kila perege aliyevuliwa, kabla ya kumtia katika mtungo, alimshika mkia akausugua kwa kidole gumba na cha shahada, kama mshonaji anayepima ubora wa kitambaa. Aghalabu alisema, "Huyu wa kwetu." Mara chache alisema, "Huyu katoka mbali." Siku moja nilimvua perege jike, naye alipokuwa mkononi mwangu akaanza kutema vitoto kinywani, kimoja baada ya kimoja, kama mtu atemaye mbegu za tikiti. Mjomba aliusugua mkia wake, akasema, "Huyu wa kwetu, tena mzazi," akamrudisha majini pamoja na vitoto vyake. Nilisikitika kupoteza kitoweo. Sikuuliza ni kwa nini samaki apapaswe mkia kabla ya kuhurumiwa. Mtoto huona mambo mengi ya wakubwa akayahesabu kuwa mazoea tu, na pengine mazoea hayo ndiyo maktaba yao.

Kisha nilikwenda shule, na kutoka shule nikaenda chuo kikuu. Nilipata kujua maneno mengi kuliko vitu. Nilisoma kamusi kama watu wengine wasomavyo hadithi, na kila nilipofungua jina la samaki, ndege au mti, nilikuta maelezo ya namna moja: aina ya samaki, aina ya ndege, aina ya mti. Maelezo hayo hayakunisumbua. Niliyaona kuwa yatosha, maana mimi nilikuwa mtu wa lugha, na samaki ni kazi ya watu wengine.

Mwaka mmoja nilipokuwa nikifundisha maana za maneno, nilitoa mfano wa maneno mawili yenye maana moja. Niliandika ubaoni: perege, sato. Mwanafunzi mmoja, kijana wa Mwanza, aliinua mkono akasema kuwa kwao sato ni samaki mkubwa wa ziwani, wala hana hakika kama ndiye huyu anayeuzwa pwani kwa jina la perege. Nilimjibu kwa upole wa mtu ambaye hana shaka. Nilimwambia kwamba tofauti hiyo ni ya mahali tu. Bara husema sato, pwani husema perege, na samaki ni yule yule. Darasa zima liliandika. Nafikiri madaftari hayo yapo hata leo.

Mwaka wa 2022 nilitaka kumsaidia Mjomba. Umri ulikuwa umemlemea, macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na kazi ya mpunga ilikuwa imemshinda. Nilimchimbia bwawa la kufugia samaki katika ukingo wa shamba lake, nikatafuta vifaranga vya samaki, nikapata 500 kwa muuzaji mmoja. Nilimwuliza ni samaki gani, akaniambia ni perege. Niliridhika na neno lile. Mtu aliyeishi kwa maneno alipewa neno, akatoa fedha.

Tulipowamwaga bwawani, Mjomba aliomba mmoja ashikwe, akamweka karibu sana na uso wake, akamgeuzageuza juani.

"Mwanangu," alisema, "hawa si wa kwetu."

"Mjomba," nilimjibu, "perege ni perege."

Alinyamaza kidogo, akamrudisha yule mdogo majini.

"Haya," alisema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Maneno hayo sikuyasikia vema siku ile. Nimeyasikia vema baadaye.

Samaki walikua upesi, na hilo sitalificha. Katika miezi michache walijaza kikaango, na wajukuu wa Mjomba walipata mboga na ada ya shule kwa samaki hao. Lakini masika ya 2024 yalikuwa na mvua nyingi kupita kiasi, baada ya vuli iliyokuwa imekwisha kulowesha nchi. Ruvu ulifurika bondeni, maji yakapanda juu ya ukingo wa bwawa letu, na kwa siku kadhaa bwawa na mto vilikuwa kitu kimoja. Maji yalipopungua, nilikwenda na kimia cha mkono kutazama kilichosalia. Hapakuwa na samaki hata kumi. Nilimpa Mjomba pole kwa hasara. Yeye aliniambia kwamba hasara si ya bwawa.

Wiki mbili baadaye alinichukua tukavue katika mabwawa ya zamani. Tulipata samaki saba. Alichagua wawili wa ukubwa mmoja, akawalaza juu ya jani la mgomba, akamwita mjukuu wake wa miaka tisa aje asikilize pia. Nami mwalimu wa chuo kikuu nilichuchumaa karibu na mtoto yule, tukafundishwa darasa moja.

Kwa mbali samaki wale walikuwa ndugu. Wote wawili walikuwa bapa ubavuni, wenye rangi ya kijivu cha fedha, pezi refu la mgongoni lenye miiba mbele na ulaini nyuma, na mdomo mdogo. Mjomba alimfunua wa kwanza mkia kama mtu afunguaye upepo. Mkia ule ulikuwa na mistari myembamba myeusi iliyosimama wima, mmoja baada ya mwingine, tangu shina hata ncha, sawasawa kama mistari ya daftari. "Huyu ndiye uliyemleta," alisema. Kisha alifunua mkia wa wa pili. Hapakuwa na mistari ile. Mkia ulikuwa wa kijivu, na ukingo wake ulikuwa na wekundu hafifu. "Huyu wa kwetu."

Aliendelea. Dume wa kwetu, wakati wa kuoa ufikapo, hugeuka mweusi kama kaniki, na mapindo ya pezi la mgongoni na ya mkia huwa mekundu. Tena taya zake hukua, na uso wake hubonyea juu ya mdomo. Dume mgeni wakati huo huo huingia wekundu kichwani na kifuani, wala uso wake haubonyei vile. Jike wa kwetu huwa na madoa machache meusi katikati ya ubavu. Wakiwa wadogo sana wote hudanganya, maana wote huwa na vijistari ubavuni na doa jeusi nyuma ya pezi la mgongoni, na hapo hata mtu mzima yafaa aseme kuwa hajui. Aliniambia tena kwamba yupo mgeni wa pili, mdogo kidogo, mwenye vidoa vyeupe mwilini na katika mapezi, kama aliyenyunyiziwa unga.

"Na wewe unawaonaje, Mjomba, kwa macho haya?" nilimwuliza.

Alicheka. Alichukua mkono wangu, akaweka vidole vyangu viwili juu ya mkia wa samaki wa kwetu, akavisogeza. Ngozi ya mkia ule, mahali ambapo nilitazamia utando laini tu, ilikuwa na ukwaruzo wa magamba madogo madogo yaliyosambaa hata mbali. Kisha aliviweka juu ya mkia wa mgeni. Magamba yalikoma karibu na shina, na pengine pote palikuwa laini. Hapo nilikumbuka kidole gumba na cha shahada cha miaka ya utoto wangu, nikaona haya.

Niliporudi Dar es Salaam niliingia maktabani, safari hii katika rafu za wenzetu wa elimu ya viumbe, ambako nilikuwa sijapata kukanyaga. Nilikuta kwamba perege wa kwetu aliandikwa kwa mara ya kwanza katika sayansi mwaka wa 1922 na J. R. Norman, mtaalamu wa samaki wa London, naye alimpa jina la urolepis. Leo jina lake kamili ni Oreochromis urolepis, na makao yake ya asili ni mito ya pwani yetu: Ruvu, Wami, Rufiji na Mbwemkuru. Nilitafuta maana ya urolepis. Ni maneno mawili ya Kiyunani, mkia na gamba. Mtu wa London aliyekuwa na darubini, na mzee wa Bagamoyo aliyekuwa na vidole viwili, walimtambua samaki mmoja kwa alama moja. Mimi peke yangu, niliyesimama kati yao na kamusi mkononi, sikuwa na habari.

Yule mgeni mwenye mistari ni Oreochromis niloticus, ambaye kwao ni bonde la Nile na baadhi ya maziwa makuu, na watu wa bara humwita sato. Mwenye vidoa vyeupe ni Oreochromis leucostictus, ambaye asili yake ni maziwa ya Edward, George na Albert, na jina lake kwa Kiyunani ndiyo hivyo vidoa vyeupe. Mwaka wa 2019 watafiti wa Tanzania na Uingereza walitangaza katika jarida la Hydrobiologia kwamba wageni hawa wawili wamekwisha kuenea katika mabonde mengi ya mito ya Tanzania, na kwamba wengi wao walipelekwa huko na watu kwa kukusudia, kwa miaka mingi. Kwa hiyo vifaranga vyangu 500 havikuwa vya kwanza katika Ruvu. Kwa muda mfupi habari hiyo ilinifariji. Lakini faraja hiyo haikudumu, maana mtu atiaye takataka kisimani hasamehewi kwa sababu ya takataka alizozikuta.

Yafaa nieleze pia kwa nini jambo hili ni zito. Samaki hawa, ijapokuwa si aina moja, ni wa ukoo mmoja. Majike yao wote hulea mayai na watoto kinywani, na mahali wanapokutana waweza kuoana wakazaa chotara wanaoendelea kuzaa. Mgeni hukua upesi, hula vyakula vingi, na hugombea mahali pa kutagia. Hivyo mwenyeji aweza kupungua kwa njia mbili: kwa kushindwa chakula na makao, na kwa kuyeyuka ndani ya damu ya mwingine. Njia ya pili haina mzoga. Mvuvi hatamwona perege wa kwetu amekufa ukingoni. Ataona tu kwamba mikia imekuwa ya namna namna, kisha atasahau kwamba zamani haikuwa hivyo.

Katika masomo yangu nilikutana na kisa kimoja ambacho sitakisahau. Zamani samaki wa Wami walichukuliwa wakatiwa katika maji ya Unguja, na kutoka Unguja wengine walisafirishwa hata Malaya. Huko Malacca mtaalamu mmoja aliyeitwa C. F. Hickling aliwapandanisha madume wa Unguja na majike wa aina iliyokuwa ikifugwa katika nchi hizo, ambao walikuwa wamepatikana Java na ambao asili yao ya mbali ni Afrika ya kusini-mashariki. Wakati ule wote wawili walihesabiwa kuwa samaki wa aina moja kutoka mahali mbalimbali. Mwaka wa 1960 Hickling alitangaza jambo la ajabu: watoto wote wa ndoa hiyo walikuwa madume. Wazazi wa aina moja hawazai hivyo. Mwaka wa 1966 Bi Ethelwynn Trewavas wa Makumbusho ya Uingereza alimpa samaki wa Wami na Unguja jina lake mwenyewe, hornorum, ambaye leo wataalamu wengi humhesabu kuwa tawi la urolepis. Basi watu walioitwa wamoja walijulikana kuwa wawili kwa watoto wao. Wafugaji wa nchi nyingi walifurahi, maana madume watupu hawajazani bwawani. Mimi nilijifunza jambo jingine: kwamba jina la kosa laweza kukaa miaka na miaka bila kelele, hata siku viumbe wenyewe wanapotoa ushahidi.

Kisa cha pili ni cha Ziwa Viktoria, na hicho kiligusa kazi yangu moja kwa moja. Katika ziwa hilo samaki mtamu wa asili alikuwa ngege, ambaye mwaka wa 1928 Michael Graham alimwandika kwa jina la esculentus, yaani afaaye kuliwa. Naye alikuwa na jamaa yake aitwaye mbiru. Katika miaka ya 1950 sato aliletwa ziwani humo pamoja na wageni wengine, na sangara naye akaja. Ngege na mbiru walipungua sana, hata leo hutafutwa katika maziwa madogo ya kando. Lakini jina la ngege halikupungua. Wengi sasa humwita hivyo sato mwenyewe. Mwenye nyumba ameondoka, na mgeni anaitikia kwa jina lake. Nani atauliza alikokwenda ngege, ikiwa kila siku sokoni twasikia kwamba ngege yupo?

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu lilikuwa wapi. Kununua vifaranga lilikuwa kosa la mfuko. Kosa la kwanza, lililolizaa hilo la pili, nililifanya ubaoni, nilipoandika majina mawili na kusema kwamba kitu ni kimoja.

Najua kwamba msomaji aweza kuniuliza swali gumu, nami nimekwisha kujiuliza. Bagamoyo ni mji wa wageni. Ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara. Wajerumani waliufanya makao makuu ya koloni lao kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka wa 1891. Waarabu, Wahindi, Wamanyema na Wanyamwezi wamezikwa katika mchanga wake, na damu ya baadhi yao imo katika mishipa yangu. Lugha ninayoifundisha imepokea maneno ya Kiarabu, Kihindi, Kireno na Kiingereza, nayo haikuona aibu. Je, mtu wa mji huu na wa lugha hii ana haki gani ya kulalamika juu ya samaki mgeni?

Swali hilo lilinikosesha usingizi, na jibu nililolipata ni dogo. Silalamiki juu ya mgeni. Sato hakuja kwa miguu yake. Aliletwa na watu kama mimi, na mahali pake ni samaki mwema. Binadamu ajapo mjini husema jina lake na la babu yake, huuliza njia, hujifunza salamu, na wenyeji wake waweza kumjibu. Samaki hawezi kusema lolote kati ya hayo. Kwa hiyo wajibu wote wa adabu humwangukia amletaye. Amletaye yampasa amjue kwa jina lake, aseme anamweka wapi, na awaulize walio karibu kama pana nafasi. Mimi nilimleta mgeni katika nyumba ya wenyewe, nikamtambulisha kwa jina la mwenye nyumba, na mzee wa nyumba aliponionya nikamwambia kwamba jina ni lile lile.

Mwaka huu nililifungua tena somo la maana za maneno. Niliandika ubaoni maneno yale yale mawili, nikawaambia wanafunzi kwamba mwalimu wao aliwahi kusema uongo juu yake bila kujua kuwa ni uongo. Nilichora mikia miwili kwa chaki, mmoja wenye mistari na mmoja wenye nukta za magamba, michoro mibaya iliyowachekesha. Kisha niliwapa kazi: kila mmoja aende kwao, achukue neno moja ambalo kamusi hulieleza kwa maneno "aina ya" na kuliacha hapo, amtafute mtu akijuaye kitu chenyewe kwa mkono, na aandike atakachoambiwa. Yule kijana wa Mwanza alikuwa amekwisha kuhitimu. Nilimpigia simu, nikamwomba radhi. Alishangaa, maana alikuwa amesahau. Mimi ndimi niliyetakiwa kukumbuka.

Bwawa la Mjomba hatukulitia samaki tena. Mjukuu wake amelipanda matembele ukingoni, na katikati hukaa maji ya mvua na vyura. Katika mabwawa ya bonde tumejiwekea sheria ya nyumbani: mwenye mistari hatoki mkononi mwetu, huenda kikaangoni, wa kwetu aliye mzazi hurudishwa. Sheria hiyo haiwezi kuusafisha mto Ruvu, nami sitamdanganya mtu kwamba yaweza. Kilichokwenda na mafuriko hakiitwi kikarudi.

Mara ya mwisho nilipokwenda, Mjomba alikuwa haoni ila mwanga na kivuli. Aliketi ukingoni juu ya kigogo, sisi tukavua, na kila samaki tulimpelekea mkononi. Alisugua mkia wa kwanza: "Wa kwetu." Wa pili: "Mgeni." Wa tatu alimshika kwa muda mrefu. Alisugua shina la mkia, akaenda hata ncha, akarudi. Alipapasa uso wake, akapapasa taya. Mimi niliutazama mkia ule juani. Mistari ilikuwapo nusu, ikafifia, na magamba yalikuwapo nusu.

"Huyu simjui," alisema.

Katika miaka yote niliyomfahamu sikupata kumsikia akisema neno hilo juu ya samaki wa mto wake. Alimnyoshea mjukuu wake samaki yule, akamwambia amshike vema, afumbe macho, asugue mkia polepole. Mtoto alifumba macho akasugua. Babu yake alimwuliza anasikia nini. Mtoto alifikiri, akasema kwamba anasikia magamba, kisha hayasikii.

"Basi likumbuke hilo," Mjomba alimwambia. "Siku moja mtu aliyesoma atakuja kukuuliza."